Hameni Angali Yupo Anayekumbuka

(Hotuba kwa mameneja, wahasibu na maofisa wa TEHAMA wa vyama vya akiba na mikopo, Mombasa)

Mwenyekiti wa kikao, wenyeviti wa bodi, mameneja, wahasibu wenzangu, na nyinyi vijana wa TEHAMA mliokaa safu ya nyuma karibu na soketi za umeme: hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wengi wenu mmewahi kunipigia simu kuniuliza. Mfumo wetu umezeeka, tumeutia mambo yetu mengi, je, wakati wa kuhamia toleo jipya umefika au bado? Nitalijibu. Ila kwanza niruhusuni niwaeleze habari ya mama mmoja na herufi moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia kazi ya kuhamisha mfumo wa Sacco moja ya wakulima wa chai, huko bara. Jina lake nitalihifadhi. Walikuwa na Navision ya zamani, programu ya kutunzia hesabu, imetiwa kiraka juu ya kiraka, yaani marekebisho ya hapahapa, kwa miaka mingi. Kwenye kadi ya kila mwanachama, chini kabisa, palikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Maelezo 2". Kwa wanachama wengi kilikuwa kitupu. Kwa 312 kilikuwa na herufi K. Tukamuuliza meneja K ni nini, hakujua. Tukamuuliza kijana wa TEHAMA, naye alikuwa na miaka miwili tu pale. Tukatafuta andiko lolote, hatukupata. Tukakubaliana kwamba K ni mabaki ya zamani, tukaiacha nyuma. Sahihi iliyoko chini ya makubaliano hayo ni yangu.

Tulihama mwezi wa Agosti. Mizania ililingana hadi senti. Septemba shwari, Oktoba shwari, Disemba hesabu za mwaka zikafungwa na bodi ikatushukuru. Mwisho wa Januari mfumo mpya ukapiga riba na adhabu kama ulivyofundishwa, na asubuhi yake kaunta ikajaa. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa ameshika karatasi yenye adhabu ya shilingi 1,140. Hakupaza sauti. Aliiweka kaunta, akaigeuza uso chini, akasema amekopa pale tangu mwanawe mkubwa akiwa darasa la tatu na hajawahi kuandikiwa kitu kama hicho.

Tulimaliza siku mbili tukichambua programu ya zamani mstari kwa mstari. Siku ya tatu mtu akakumbuka kwamba aliyekuwa karani wa mikopo bado yuko hai na yuko karibu. Alikuwa amestaafu mwezi wa Juni, wiki chache tu kabla hatujaanza majaribio. Tukampigia simu. Alikuja kwa matatu siku ya Alhamisi, amebeba mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na kitabu cha kaunta kilichofunikwa kwa karatasi ya kaki. Akakaa, akaomba chai, akafungua ukurasa, akaniambia, "K ni kiangazi, mwanangu."

Ule ukame wa 2009 ulipopiga, wakulima wa upande mkavu wa lile eneo hawakuwa na majani ya kupeleka kiwandani kuanzia Januari hadi Machi. Bodi ikaamua kwamba wakulima wa upande ule wasidaiwe marejesho miezi hiyo mitatu kila mwaka, deni lao lisogezwe mbele, na wasitozwe adhabu. Karani akaomba fundi atie alama kwenye kadi zao. Fundi akachukua kisanduku kilichokuwa wazi, akakipa herufi, akaandika mistari sita ndani ya programu inayopiga adhabu. Uamuzi wa bodi umo kwenye kumbukumbu za kikao. Sababu ya herufi ilikuwa kichwani mwa mama huyu na ndani ya kile kitabu. Alinieleza yote haya kabla chai yake haijapoa. Kuyarekebisha kulituchukua wiki tatu, na barua 312 za kuomba radhi.

Basi jibu langu kwa swali lenu ndilo hili. Msiangalie umri wa programu. Tarehe ya muuzaji nayo mtaiangalia, ila isiwe ya kwanza. Angalieni ni nani kati yenu bado anakumbuka kwa nini mfumo wenu unafanya yale yasiyofanywa na mfumo wa mtu mwingine. Wakati mzuri wa kuhama ni angali mtu huyo yupo kazini na ana nguvu za kukaa nanyi miezi minane. Akishaondoka, kila mwezi unaopita unaongeza gharama ya kuhama, hata kama mfumo wenyewe haujabadilika hata nukta.

Sasa niwaambie tulifikaje hapa, kwa sababu vijana wengi mliukuta mfumo uko hivi na mnadhani waliowatangulia walikuwa wazembe. Hawakuwa wazembe. Navision ilizaliwa Denmark miaka ya 1980. Microsoft wakainunua mwaka 2002, wakaiita Dynamics NAV, na tangu 2018 inaitwa Business Central. Ilipendwa huku kwetu kwa sababu ilifunguka. Fundi mwenye leseni inayofaa aliweza kuingia ndani ya programu yenyewe, akaifungua ile sehemu inayoingiza miamala kwenye leja, akapachika mistari yake katikati ya mistari ya watengenezaji wenyewe. Vitu vipya vya mteja vilitengewa nambari kuanzia 50000 hadi 99999. Fundi angeweza kuishia humo, na wazuri walijaribu. Lakini mteja alitaka kitu kesho, na njia fupi ilikuwa kushuka kwenye nambari za chini, za watengenezaji wenyewe, na kubadilisha palepale.

Ndivyo programu iliyobuniwa kwa ajili ya wauza bidhaa ilivyoweza kuwa Sacco. Ikajifunza hisa, akiba, wadhamini, makato kutoka kwa mwajiri, mgao wa faida. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuja ndani ya boksi kutoka Ulaya. Vilitiwa na mafundi wa hapahapa, wengine wakilala ofisini. Mimi nawaheshimu watu wale na nilikuwa mmoja wao. Kwa hiyo nikisema kiraka, msisikie tusi. Kiraka cha wadhamini ndicho kilichowafanya nyinyi kuwa Sacco.

Tatizo ni kwamba mlango ule ulifungwa. Kuanzia toleo la Oktoba 2019, lugha ya zamani ya kuandikia programu iliondolewa kabisa, na kwa kawaida mistari ya wenyewe haiguswi tena. Unachotaka unakiandika kando, kama nyongeza, na nyongeza hiyo husubiri: mfumo ukifika mahali fulani huita, nayo ikajibu. Ni utaratibu bora zaidi, sina ubishi, maana toleo jipya likija nyongeza yako inabaki nzima. Ila maana yake ni kwamba aliye kwenye NAV ya 2009 au 2013 hapandi ngazi. Anatafsiri. Kila kiraka lazima kifumuliwe, kieleweke, kisha kiandikwe upya kwa lugha nyingine na kwa adabu nyingine. Na huwezi kutafsiri sentensi usiyoijua maana.

Mtaniuliza, nitajuaje kwamba nimechelewa? Mimi hupima kwa sheria. Serikali ikibadilisha kanuni, hesabuni siku zinazopita hadi mfumo wenu utakapotoa jibu sahihi bila mtu kushika kikokotoo.

Mnakumbuka Aprili 2020, VAT iliposhushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha Januari 1, 2021 ikarudi 16. Kwenye mfumo uliotunzwa hiyo ni kazi ya alasiri moja. Unabadilisha kiwango kwenye jedwali la kodi, unaamua ankara zilizo njiani zitabeba kiwango kipi, unachapisha moja ya majaribio, unarudi nyumbani. Kwenye duka moja la jumla nililokuwa nikilihudumia, hapa hapa mjini, 16 ilikuwa imeandikwa kwa mkono ndani ya programu mahali 11. Kumi tulizipata sisi. Ya kumi na moja ilipatikana na mteja wao, kwenye hati ya kurudisha mali, mwezi wa tano.

Kisha mkaja kwenye mishahara, na huku ndiko niliona mifumo ikihema. Februari 2023, viwango vipya vya NSSF, na tangu hapo mipaka inapanda kila Februari. Julai 2023, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha katiba. Machi 2024 ikarudi kwa sheria mpya. Oktoba 2024, kwenye bima ya afya, NHIF ikatoka na SHIF ikaingia, na hapo haikuwa kubadilisha nambari tu. NHIF ilikwenda kwa madaraja, kutoka shilingi 150 hadi 1,700 kwa mwezi. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wote. Fundi aliyekuwa amejenga ngazi ya madaraja ndani ya programu alilazimika kuibomoa. Na kabla vumbi halijatua, mwisho wa Disemba 2024, makato ya SHIF na ya nyumba yakaanza kutolewa kabla ya kukokotoa kodi, badala ya ule utaratibu wa nafuu ya kodi uliokuwepo. Watu wa mishahara mliomo humu mnajua Januari ile ilikuwaje.

Chukueni karatasi mkifika ofisini. Andikeni mabadiliko hayo, moja baada ya jingine, na mbele ya kila moja muandike siku ngapi zilipita na shilingi ngapi zilimwendea fundi wa nje. Ikiwa siku ni tatu, tano, nne, tatu, mfumo wenu bado unapumua. Ikiwa ni tatu, tisa, kumi na nne, mwezi mzima, basi mfumo umeshawaambia, ni kwamba hamkuwa mkiandika.

Kuna kipimo cha pili, na hiki nawasihi mkifanye mwezi huu. Chukueni nakala ya akiba ya mfumo wenu, ile mnayoambiwa kila usiku kwamba imehifadhiwa, mwambieni fundi aisimamishe kwenye mashine nyingine ambayo haijawahi kuuona mfumo huo. Mpeni siku mbili. Mara nyingi data inarudi vizuri. Kinachokwama ni vilivyo chini yake. Msaada wa Windows Server 2012, programu inayoendesha seva, uliisha Oktoba 2023, na wa SQL Server 2014, inayohifadhi data, ukaisha Julai 2024. Mfumo wa zamani umefungwa kamba na seva ya zamani, seva imefungwa kamba na diski ambazo dukani hazipo tena, na lile programu dogo linalosoma faili la malipo ya M-Pesa kila dakika tano liliandikwa na kijana ambaye sasa yuko Qatar. Ikiwa fundi hakuweza kuusimamisha kwa siku mbili na kila kitu kikiwa shwari, hataweza siku seva itakapoungua na wanachama wako kwenye foleni. Aliyeshindwa kipimo hiki hana haja ya kuniuliza lini.

Sasa hizo tarehe za muuzaji. NAV 2018, la mwisho kubeba jina hilo, masasisho yake ya usalama yanakoma Januari 2028. NAV 2016 mwisho wake uliwekwa kuwa Aprili 2026. Wenye Dynamics GP, programu nyingine ya hesabu ya Microsoft, wameambiwa mwisho wa 2029. Na wale wa makampuni makubwa wenye SAP ECC, matengenezo ya kawaida ya matoleo yake ya karibuni ni hadi mwisho wa 2027, na anayetaka kufika 2030 ataongeza pesa. Tarehe hizi ni za kweli na msizipuuze, hasa kama mfumo wenu umeunganishwa na simu za wanachama au na intaneti. Lakini siku hiyo ikifika hakuna kitakachozimika. Muuzaji akikwambia kitazimika, mwombe aandike kwenye karatasi atie sahihi. Kazi ya tarehe hizi ni kukuonyesha mwisho wa barabara. Hazikwambii uondoke saa ngapi.

Na kuna kosa la upande wa pili, la kuhama vibaya. Yako mawili yaliyoandikwa sana na nataka mtoke nayo.

Lidl, wale wenye maduka ya vyakula kutoka Ujerumani, walianza mwaka 2011 kujenga mfumo wao mpya juu ya SAP. Desturi yao ilikuwa kuthamini bidhaa iliyoko stoo kwa bei waliyoinunulia. Mfumo wa rejareja wa SAP ulizoea bei ya kuuzia. Lidl hawakutaka kuacha desturi yao, kwa hiyo mfumo ukapindwa, na ukishapinda mahali kama hapo, unapinda kila kinachopita hapo: stoo, faida, ripoti za kila nchi. Julai 2018 waliuacha. Vyombo vya habari viliandika kwamba walikuwa wametumia takriban euro milioni 500. Mimi siwalaumu kwa kuwa na desturi. Ninachosema ni kwamba swali la bei ya stoo lilistahili kukaa mezani mwa wakuu mwaka wa kwanza, kabla ya fundi yeyote kugusa kibodi.

La pili ni Baraza la Jiji la Birmingham, Uingereza. Walikuwa na SAP tangu 1999, imerekebishwa kwa miaka zaidi ya ishirini. Wakaamua kuhamia Oracle, mfumo wa kampuni nyingine, na azma yao ilikuwa nzuri: safari hii tutafuata mfumo ulivyo, hatutaupinda. Bajeti ya mwanzo ilikuwa kama pauni milioni 20. Njiani wakarudi kwenye mazoea yao ya kale, wakaupinda, hasa kwenye ulinganishaji wa hesabu za benki. Walipoanza kuutumia Aprili 2022, pesa iliyoingia benki haikuweza kuoanishwa na aliyeilipa. Gharama zikapita pauni milioni 100. Septemba 2023 baraza lilitangaza kwamba haliwezi kusawazisha bajeti yake. Mzigo mkubwa zaidi hapo ulikuwa madai ya wafanyakazi wanawake ya malipo sawa, lakini mfumo nao ulikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Nikiwasoma watu wa Birmingham naona yale yale ya herufi K kwa ukubwa wa jiji. Waliahidi kuacha marekebisho yao kabla ya kujua kila rekebisho lilikuwa likifanya kazi gani. Ukiahidi hivyo, siku ya kuanza ukweli unakufuata, na unalitia kwa haraka lile uliloapa kuliacha.

Kwa hiyo kabla ya zabuni, kabla ya kualika kampuni kuja na picha zao za ukutani, andikeni kitabu cha marekebisho yenu. Kila kiraka kiwe na ukurasa. Nani alikiomba, mwaka gani, ni shida gani ilikuwa ikitatuliwa, na tukikiondoa ni nani atakayekuja kaunta. Swali hilo la mwisho ndilo bora kuliko yote. Kiraka ambacho hakuna atakayekuja kaunta kwa ajili yake, kizikeni. Kile ambacho mfumo mpya unakifanya wenyewe, kiacheni nyuma bila huzuni, hata kama fundi wenu alikesha akikiandika. Ripoti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa sababu zamani hakukuwa na njia ya kuchuja orodha kwenye skrini. Leo iko.

Kwenye kazi moja tulikuwa na vitu 214 vilivyobadilishwa au kuongezwa. Hatukuwauliza watu wanatumia nini, maana kila mtu husema anatumia vyote. Tulitia mstari mmoja kwenye kila ripoti na kila skrini, wa kuandika tarehe kila inapofunguliwa, tukasubiri. Vitu 71 havikufunguliwa hata mara moja. Lakini sikilizeni vizuri hapa: tulisubiri mwaka mzima. Mkihesabu miezi mitatu mtazika kile kinachoamka Disemba, na mkihesabu kuanzia Aprili hadi Disemba mtaizika K.

Vinavyobaki baada ya hapo ni vichache kuliko mnavyodhani, na hivyo ndivyo nyinyi. Utaratibu wa wadhamini wenu, namna mnavyowabeba wavuvi msimu wa bahari chafu, namna mnavyogawa faida. Hivyo msikubali muuzaji avifute kwa neno la "utaratibu bora wa kimataifa". Lipieni viandikwe upya, vizuri, kando, na maelezo yake kwa Kiswahili ambacho karani wa kesho atakisoma.

Nimewahi pia kumwambia mtu asihame. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mfumo wake wa mwaka 2013. Aliniita akiwa amepewa bei na amejaa hofu. Tukakaa tukapima. Sheria zilikuwa zikiingia kwa siku mbili tatu, nakala ya akiba ilisimama kwenye mashine mpya kabla ya saa sita mchana, mfumo haukuwa umefunguliwa kwa intaneti, na binti yake aliyeujua mfumo wote alikuwa na miaka 31 na hana mpango wa kwenda popote. Nikamwambia abaki, ila binti aanze kuandika. Miaka mitatu baadaye walihama kwa sababu zao, wakitaka maghala mawili yaonane, na kazi ilikwisha kwa wiki kumi na moja kwa sababu kitabu kilikuwepo.

Kuna hoja moja ya kiufundi ambayo huwagawa wahasibu, nayo ni historia. Tubebe miamala yote ya miaka kumi na tano, au tuanze na salio la kufungulia? Mimi niko upande wa salio. Bebeni salio la kila mwanachama, mikopo iliyo hai na ratiba zake, wadhamini, na ankara ambazo hazijalipwa. Mengine yaacheni kwenye mfumo wa zamani, usomeke bila kuandikwa, mahali salama. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na si lazima ziwe ndani ya mfumo unaotumika leo. Mnapolazimisha miamala ya 2008 iingie kwenye mfumo mpya, mnabeba na makosa ya 2008, na mtalipa mtu kuyasafisha usiku kucha. Kuna wenzangu wanaopinga, wakisema mwanachama akiuliza hisa zake za mwaka 2010 lazima jibu lipatikane palepale. Nawaelewa. Nimewahi kukaa kaunta nikahesabu maswali hayo kwa mwezi. Yalikuwa manne.

Wenyeviti wa bodi, hili ni lenu. Bajeti zinazoletwa kwenu huwa zimejaa leseni na ada za kampuni. Tafuteni humo mstari wa watu wenu wenyewe. Karani anayekumbuka ndiye mtakayemtaka kwenye majaribio, na ndiye huyohuyo anayeshikilia kaunta kila siku. Msipoajiri vibarua wawili wa kumshikia kaunta kwa miezi sita, atafanya majaribio saa kumi na moja jioni akiwa amechoka, ataandika "sawa" mbele ya kila kitu, na "sawa" zile zitawarudia. Kazi nilizoona zikiharibika, nyingi zilikuwa na pesa ya leseni na hazikuwa na pesa ya kibarua wa kaunta.

Na wakati wa mwaka. Mko pwani, mnajua jahazi halipigwi kalafati kaskazi ikivuma na mizigo ikingoja. Linapandishwa mchangani masika, bahari ikiwa chafu na safari hakuna, ndipo linatazamwa ubao kwa ubao na kupakwa shahamu. Sacco ina masika yake. Hesabu zinafungwa Disemba, wakaguzi wanaingia, mkutano mkuu unakuja miezi ya mwanzo wa mwaka, mgao unalipwa. Mkutano ukishapita, pana utulivu kidogo. Hameni hapo, katikati ya mwaka. Najua Januari mosi inapendwa kwa sababu vitabu vinaanza upya, ni tarehe nzuri kwenye karatasi. Lakini inawakuta wahasibu wakifunga mwaka kwenye mfumo mmoja na kufungua mwingine mkono wa pili, huku wakaguzi wakiwa mlangoni. Na zimeni mfumo wa zamani polepole. Muwe na mwezi mmoja kamili wa kupiga riba kwenye mifumo yote miwili na kulinganisha mwanachama kwa mwanachama, si jumla kwa jumla. Jumla yetu kule kwenye chai ililingana vizuri sana.

Yule mama wa mikopo alirudi kufanya kazi nasi miezi minne, akilipwa kwa siku. Tulipitia kitabu chake chote, na mlikuwa na alama nyingine saba ambazo hakuna aliyezijua. Mbili kati ya hizo zingelipuka kwenye mgao wa mwaka uliofuata.

Amenipa ruhusa, nami nimekuja nacho leo. Kiko kwenye ile meza iliyo karibu na mlango, kurasa zenye majina ya wanachama nimezibana kwa klipu, msizifungue. Zilizobaki fungueni. Ukurasa wa kwanza una tarehe, chini yake ameandika kwa kalamu ya bluu, "Leo tumeanza kutumia kompyuta," na mstari unaofuata tayari ni rekebisho la kwanza.